Matt Neal na Faida ya Kuwa na Gereji ya Kwenu

Juzi Jumapili tulikuwa kijiweni, watu watano na soda zetu, tunabishana kama kawaida. Ubishi ulianza na Lewis Hamilton, ukapita kwa Verstappen, ukaishia kwenye swali la dereva gani wa Uingereza anastahili kuheshimiwa kuliko wote. Kila mtu akataja wa kwake. Wengi walisema Hamilton, na mzee mmoja akamkumbuka Nigel Mansell. Mimi nikasema Matt Neal.

Kimya. Halafu kicheko.

"Huyo ndiyo nani? Anaendesha timu gani?"

Jamani, nilichekwa mpaka nikajuta. Lakini nilipofika nyumbani nikaona hapana, hoja yangu haikupewa nafasi. Kijiweni mwenye sauti kubwa ndiye mshindi, hapa kwangu angalau hakuna wa kunikatiza. Kwa hiyo leo naomba nimtetee huyu bwana, na nikimaliza utaona kwamba nilikuwa najitetea na mimi mwenyewe kidogo.

Kwanza tuelewane. Matt Neal hajawahi kuendesha Formula One. Amezaliwa Desemba 1966 huko Stourbridge, katikati ya Uingereza, na maisha yake yote ya mbio ameyamalizia hasa kwenye magari ya saluni. Hayo ni mashindano ya magari kama yale unayoyaona kwenye foleni ya Ubungo. Mashabiki wanayaita kwa kifupi BTCC. Kwa nje gari ni lile lile la dukani, ila ndani wameng'oa viti na mazulia, wamefunga mabomba ya chuma ya kumlinda dereva, na injini na breki si zile za kwenda nazo sokoni.

Na ukiniuliza kwa nini kijana wa Dar aangalie mbio hizo, nitakujibu kwamba magari yale tunayafahamu kuliko Waingereza wanavyodhani. Kati ya 1993 na 1995 Toyota walikimbia kule na Carina E, ndugu wa damu wa zile Carina ambazo nusu ya mji huu umewahi kupanda kama teksi. Nissan walikimbia na Primera, Honda na Accord na baadaye Civic. Ile Ferrari ya Hamilton utaiona kwenye televisheni tu, lakini Primera unaweza kumwuliza fundi wa mtaani kwako spea yake inauzwa shilingi ngapi.

Sasa tuingie kwenye mada.

Miaka ya tisini mashindano haya yalikuwa na pesa za kutisha. Kampuni za magari zilikuwa zimegundua msemo wao wa biashara kwamba gari likishinda Jumapili litauzika Jumatatu. Mwaka 1998 kulikuwa na kampuni nane zilizoleta timu rasmi: Audi, Ford, Honda, Nissan, Peugeot, Renault, Vauxhall na Volvo. Renault walikuwa wamewapa kazi Williams, wale wale wa Formula One. Mwaka huo hata Mansell mwenyewe, bingwa wa dunia wa 1992, alikuja kuendesha Ford Mondeo kwenye baadhi ya mbio.

Pembeni ya matajiri hao walikuwepo wengine ambao kule wanaitwa timu huru. Hawa hawana kampuni nyuma yao. Wanatafuta wadhamini wenyewe, mara nyingi wanaendesha magari yaliyotumika na timu kubwa msimu uliopita, na walikuwa na kombe lao dogo la kugombea wao kwa wao, kama watoto wanaotengewa meza yao kwenye sherehe. Matt Neal alikuwa huko. Alianza BTCC mwaka 1991 na BMW. Kombe la timu huru akalitwaa 1993, akalitwaa tena 1995.

Timu yake iliitwa Team Dynamics, na mwenye timu alikuwa baba yake, Steve Neal. Mzee huyu alikuwa amekimbia na Mini miaka ya sitini, kisha akaanzisha kiwanda cha rimu za magari kiitwacho Rimstock. Kwa hiyo picha ndiyo hiyo: baba anatengeneza rimu, mtoto anazikimbiza barabarani mbele ya kamera.

Najua unachofikiri. Kijiweni walikisema pia: "Aa, kumbe mtoto wa baba!" Subiri, tutafika huko.

Mwaka 1994 Neal alipata alichokuwa anakitafuta kila dereva wa timu huru, yaani ajira. Mazda walimchukua kwenye timu yao rasmi, gari aina ya Xedos 6. Fikiria furaha ya kijana wa miaka 27. Lakini gari likapinduka vibaya pale Silverstone, na kabla msimu haujaisha Mazda wakafungasha virago wakaondoka kabisa kwenye mashindano. Hivyo ndivyo kampuni kubwa zinavyofanya. Mkutano mmoja ofisini, kalamu moja, na wewe huna gari.

Madereva wengi wangeishia hapo. Neal alirudi nyumbani. Mwaka 1995 alikuwa tena kwenye gari la gereji ya kwao, safari hii Ford Mondeo, na ndiyo mwaka alioshinda lile kombe dogo mara ya pili.

Sasa njoo 1999. Gharama zilikuwa zimepanda mpaka kampuni zenyewe zikaanza kuchoka. Audi na Peugeot walikuwa wameshaondoka. Aliyekuwa akiendesha mashindano, Alan Gow, alihitaji timu huru zijaze uwanja, lakini nani atakubali kutumia pesa zake kwenda kushindwa kila wiki? Basi ikatangazwa zawadi: dereva wa kwanza wa timu huru atakayewashinda wote, matajiri wakiwemo, atapewa pauni 250,000.

Unajua zawadi ya namna hii huwekwa lini. Huwekwa pale ambapo mwekaji ana hakika kwamba hatailipa leo wala kesho. Ni kama mwalimu anayesema atakayepata mia kwa mia nitampa baiskeli yangu.

Aprili 1999, Donington Park, kwenye ufunguzi kabisa wa msimu, Matt Neal akashinda na Nissan Primera ya gereji ya baba yake. Nyuma yake walikuwepo Nissan wenyewe, Renault, Volvo, Ford, Vauxhall na Honda. Wino wa tangazo ulikuwa haujakauka vizuri. Pauni 250,000 zikatoka.

Kama hii ingekuwa sinema ya Hollywood ingeishia hapo, muziki, machozi, majina ya waigizaji. Na kwa kweli wengi wanaomkumbuka Neal wanamkumbukia siku hiyo tu. Mimi naona huo ni uonevu. Siku moja ya bahati hata mimi naweza kuipata. Ninachokiheshimu ni yale yaliyofuata miaka kumi na miwili baadaye, ambayo hayana sinema.

Tazama kilichotokea kwa matajiri. Mwisho wa 1999 Nissan wakaondoka, na walikuwa ndio kwanza wametwaa ubingwa na Laurent Aiello. Renault wakaondoka. Volvo wakaondoka. Mwaka 2000 zikabaki kampuni tatu tu, na mwisho wa mwaka huo Ford na Honda nao wakaaga, Ford wakiwa mabingwa. Ndani ya misimu miwili kutoka nane hadi tatu, halafu sheria zikabidi zibadilishwe ili magari yawe ya bei nafuu. Ule ufalme wote ukaisha.

Gereji ya akina Neal ilikuwa bado ipo. Ilikuwa na pesa kidogo wakati wa karamu, kwa hiyo wenzao walipolia njaa wao walishaizoea.

Hapo katikati Neal alitoka tena. Mwaka 2002 akaendesha Vauxhall Astra, mwaka 2003 akaajiriwa na Honda waliokuwa wamerudi. Sitaki kumfanya malaika: alipoitwa na wenye pesa, alikwenda. Lakini ubingwa haukupatikana. Mwaka 2004 akarudi tena gereji ya nyumbani, na mwaka 2005 wakafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisoma natabasamu.

Walichukua Honda Integra. Integra ile ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Honda wa Uingereza hawakuwa hata wakiiuza rasmi madukani kwao. Yaani waliokwenda kushindana ni watu wenye gari la kuagiza kutoka Japani, kama sisi tu. Wakalijenga wenyewe. Upande wa pili walikuwepo Vauxhall, ambao madereva wao walikuwa wametwaa ubingwa miaka minne mfululizo, 2001 hadi 2004: Jason Plato, James Thompson, Yvan Muller, kisha Thompson tena. Na SEAT nao walikuwa na timu rasmi ambayo Plato alikuwa amehamia.

Neal akawa bingwa, Muller wa pili. Hilo halikuwa lile kombe la meza ya watoto. Lilikuwa taji lenyewe, na dereva wa timu huru alikuwa hajawahi kulifikia tangu zama zile za kampuni kubwa zianze. Alikuwa na miaka 38. Tangu aanze BTCC ilikuwa imepita miaka 14. Mwaka uliofuata akalitwaa tena na gari lile lile.

Kwa asiyejua mashindano haya, naomba nieleze kwa nini kutetea taji ni kazi. Kule walikuwa na sheria ya kumwongezea mzigo anayefanya vizuri. Ukiongoza msimamo walikuwa wanakufungia vyuma ndani ya gari. Miaka ile mzigo mkubwa ulikuwa kilo 45, kama mtu amekaa kiti cha nyuma anakusindikiza kila kona. Halafu kwenye mbio za tatu za siku, baadhi ya waliomaliza mbele wanapangwa kwa kugeuzwa, aliyeshinda anaanzia nyuma ya aliowashinda. Neal mwenyewe ana urefu wa karibu mita mbili, kwa hiyo hata kabla ya vyuma tayari alikuwa mzigo! Katika hali hiyo huwezi kushinda kwa kasi peke yake. Unashinda kwa kumaliza. Leo wa kwanza, kesho wa nne, siku mbaya wa saba, lakini pointi unaondoka nazo. Ni ushindi wa mtu anayejua kwamba akigonga gari, bili ya kulitengeneza inakwenda kwa baba.

Baada ya mataji mawili, mwaka 2008 Vauxhall wakamwita, akaenda. Unaona mtu huyu hajifunzi? Alikaa misimu miwili, taji hakuna, na mwisho wa 2009 Vauxhall wakajitoa. Mara ya pili maishani mwake kampuni kubwa ikafunga duka naye akiwa ndani.

Na mara nyingine tena alikuwa na pa kurudi. Ila safari hii kilitokea kitu kipya. Mwaka 2010 Honda walirudi rasmi, na badala ya kujenga timu yao wakaipa kazi gereji ya akina Neal. Yaani baada ya miaka ishirini ya kugonga milango, mwenye mlango alikuja mwenyewe mpaka nyumbani. Mwaka 2011 Neal akatwaa taji la tatu, akiwa na miaka 44, umri ambao hapa kwetu ukivaa bukta kwenda uwanjani watoto wanakuita babu.

Sasa naomba uhesabu pamoja nami, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Mazda: taji hakuna. Vauxhall mara mbili: hakuna. Honda ya 2003: hakuna. Mataji yote matatu, 2005, 2006 na 2011, aliyapata kwenye magari yaliyojengwa nyumbani kwao. Hata lile la 2011 lenye nembo ya Honda lilipatikana kwa sababu Honda walikwenda kwake, si kwa sababu yeye alikwenda kwao.

Mlinganishe na hasimu wake mkubwa, Jason Plato. Plato alikuwa na kipaji ambacho sidhani kama Neal mwenyewe angebisha. Aliingia BTCC mwaka 1997 kwa Williams baada ya kumganda Frank Williams mpaka akampa nafasi, na akastaafu mwisho wa 2022 akiwa na ushindi wa mbio 97, rekodi ya mashindano. Neal ana zaidi ya 60. Kwa hesabu ya mbio Plato yuko mbali. Kwa hesabu ya mataji Plato ana mawili, 2001 na 2010, Neal ana matatu. Plato aliendesha Renault, Vauxhall, SEAT, Chevrolet, MG na nyinginezo, na kila kampuni ilipochoka ilibidi aanze tena kutafuta kiti. SEAT walipojitoa mwisho wa 2008, dereva mwenye jina kubwa kuliko wote kule alijikuta anahangaika kama mimi na wewe tunavyohangaika na bahasha za kaki. Sisemi Plato alikosea. Nasema tu kwamba kipaji bila pa kurudi kina gharama zake, na gharama hizo hulipwa kwa misimu.

Sasa tumjibu yule wa "mtoto wa baba".

Ni kweli. Bila kiwanda cha rimu pengine tusingemsikia Matt Neal. Walikuwepo madereva wengine wa timu huru waliouza walichonacho, wakakimbia misimu miwili, wakapotea, na leo hakuna mtu wa kijiwe chochote duniani anayewataja. Nisingependa mtu amalize kusoma hapa akidhani nahubiri kwamba kila mwenye moyo atafika. Hapana. Pesa ilikuwepo, na atakayekuficha hilo anakudanganya.

Lakini hebu tuwe wakweli pande zote mbili. Watoto wa matajiri tunawajua, tumesoma nao. Wangapi kati yao unawajua waliokaa kwenye jambo moja miaka 14 kabla ya kufika kileleni? Baba anaweza kukununulia gari, hawezi kukununulia miaka 14 ya kushindwa na kurudi Jumatatu gereji.

Na kuna jambo moja zaidi linalonifanya nimheshimu kuliko yale mataji. Mwaka 2006 timu ilimchukua kijana kutoka Scotland, Gordon Shedden. Mwaka 2011 Shedden alikuwa wa pili nyuma ya Neal. Mwaka 2012, kwenye timu ile ile, Shedden akawa bingwa. Akawa bingwa tena 2015, na tena 2016. Mataji matatu, sawasawa na mtoto wa mwenye timu! Nani kati yetu hajafanya kazi kwenye kampuni ya familia akaona jinsi mtoto wa bosi anavyopewa kiti chenye kiyoyozi na wewe feni iliyovunjika? Shedden alipewa gari la kumshinda mtoto wa bosi, akamshinda. Gereji iliyoanza kwa ajili ya mtoto mmoja iligeuka mahali ambapo mtu asiye wa ukoo angeweza kuwa bingwa. Hapo ndipo pesa ya baba iliacha kuwa pesa ya baba.

Nilisema mwanzo kwamba najitetea na mimi. Ngoja nimalizie hilo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi wa gazeti moja hapa mjini. Nasema mwandishi, lakini kwa mkataba nilikuwa wa kulipwa kwa habari: ikichapwa unalipwa, isipochapwa nauli ni yako. Hata hivyo nilitembea kifua mbele. Nilikuwa na kitambulisho shingoni, na jina la gazeti lilinifungulia milango ambayo jina langu lisingeweza. Asubuhi moja tukaitwa, tukaambiwa kurasa zetu zinafutwa. Ilichukua dakika kumi.

Kilichoniuma sana hakikuwa kazi. Kilichoniuma ni kugundua kwamba sina kitu. Kompyuta ilikuwa ya ofisi. Kamera ya ofisi. Namba za simu za watu niliokuwa nawahoji zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. Habari zangu zote nilizoandika, nakala sina. Niliondoka na daftari moja na kalamu mbili kwenye mfuko wa rambo. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku hiyo, ndugu zangu, niliusikia upepo.

Baadaye nilipata kazi nyingine, na leo naishukuru. Lakini kabla ya kuianza nilikwenda Kariakoo nikanunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, ile ambayo betri yake ni lazima uichomeke muda wote. Nikaanza ukurasa huu. Kila mtu ninayemhoji namba yake naiandika pia kwenye daftari langu. Ninachokiandika nabaki na nakala. Haunilipi, na kuna wiki nauandikia usiku wa manane nikiwa nimechoka hoi. Wenzangu wananiuliza napata nini. Siku zote nilikosa jibu zuri, mpaka nilipomsoma Matt Neal.

Hii ndiyo gereji yangu.

Simwambii mtu aache kazi. Neal mwenyewe aliajiriwa mara nne, na naamini kila mara alirudi na ujuzi ambao gereji yao haikuwa nao. Vijana wengi wa rika letu tumegawanyika pande mbili, na zote naona zina kasoro. Kuna wanaosema ajira ni utumwa, jiajiri, halafu wanakuuzia semina ya ujasiriamali kwa shilingi elfu hamsini. Na kuna wanaosubiri kampuni kubwa iwaokoe, na wakishaokolewa wanasahau kwamba aliyekuokoa naye ana bosi wake, na bosi ana mkutano wiki ijayo. Neal hakuwa upande wowote. Alikwenda walipomwita, akaendesha kwa moyo wote, ila hakukubali taa za gereji ya nyumbani zizimwe.

Kwa wasio na baba mwenye kiwanda, na mimi nimo, gereji haianzi kubwa. Mwalimu anayeandika maswali yake mwenyewe na kuyatunza, anajenga. Fundi aliyeajiriwa anayenunua spana moja kila mwezi, anajenga. Hata watu watatu mnaweza kujenga moja.

Nisiwadanganye kwamba gereji hudumu milele pia. Msimu kamili wa mwisho wa Matt Neal ulikuwa 2020, akiwa na miaka 53. Mwaka 2021 Honda walifunga kiwanda chao cha Swindon, kile kilichokuwa kikitengeneza Civic. Na mwaka 2023 msimu ulianza bila Team Dynamics, baada ya miaka karibu thelathini. Kila kitu kina mwisho wake. Lakini ukiangalia orodha ya kampuni zile nane za 1998, halafu ukaangalia ni nani aliyekuwa bado uwanjani 2005, 2011 na 2016 akinyanyua kombe, utakubaliana nami kwamba kile kibanda cha pembeni kiliishi kuliko majumba mengi.

Kwa hiyo jamaa zangu wa kijiweni, Jumapili ijayo mnaweza kuendelea na Hamilton wenu. Ni bingwa wa dunia mara saba, simpingi. McLaren walimwona akiwa na miaka 13 wakamlea mpaka kileleni. Mungu awape na wanenu bahati hiyo. Ila kwa sisi ambao hakuna McLaren aliyetuona, na umri wa miaka 13 ulishatupita zamani, naona yule mrefu wa kwenye Integra ya kuagiza anatufaa zaidi.

Wewe gereji yako iko wapi? Naomba kutoa hoja.